Goli la Msimu wa Mapera

Pale kwenye safu ya mabanda ya mafundi kila mtu alimwita Shoto, na karibu wote walidhani jina hilo lilitokana na mkono. Mkono wake wa kushoto ndio uliokata ngozi na turubai, ndio ulioshika ile sindano nene iliyopinda, ndio uliovuta uzi mpaka ukakaza barabara. Viti vya magari vilimfikia vimechanika, sponji imetoka nje kama utumbo, na vilirudi kwa wenyewe mishono imenyooka utadhani imepigwa rula. Alikuwa mwanamke pekee pale. Upande mmoja alipakana na fundi wa injini waliyemwita Spana, upande wa pili na mzee wa kuziba pancha, ambaye alisikia nusu tu ya unachomwambia na kujibu nusu ile nyingine. Shoto alikuwa amevuka hamsini, mumewe alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee alikuwa ameajiriwa mbali. Hakuwa mtu wa maneno. Siku akija amekunja uso, Spana aliwaonya wateja mapema: "Leo acha kiti chako na uende. Ongea na kiti, usiongee naye."

Jina lenyewe lilitoka mguuni, na lilitoka zamani.

Nyumba waliyokulia ilikuwa na mipera mitatu nyuma ya jiko. Sehemu kubwa ya mwaka miti ile haikuwa na maana kwa mtu yeyote ila kuku waliojilaza chini yake. Msimu ukifika, mapera yaliiva yote kwa mpigo, kama yameambizana. Yalidondoka mchana kutwa, pu, pu, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumbani alionekana kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Mama alibaki na watoto wawili na mapera yasiyo na idadi, na mama yule hakuweza kuvumilia kuona tunda likioza. Pera moja likipondeka chini ya kiatu cha mtu, alishika kichwa kama amefiwa.

Basi jiko liligeuka kiwanda. Mapera yalioshwa kwenye karai, yakakatwa vichwa, yakapasuliwa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakasuguliwa kwenye chekeche mpaka mbegu zikabaki peke yake kama changarawe. Rojo lililotoka lilirudishwa motoni pamoja na sukari na maji ya ndimu, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Jamu ya mapera haitaki kuachwa hata kidogo. Geuka upenge kamasi, imeshashika chini. Na ikianza kuwa nzito inatema: tone linaruka kutoka kwenye sufuria, linatua mkononi, linanata hapo hapo na kuendelea kuunguza. Mama alidondosha jamu kidogo kwenye kisahani kilichopoa akaisukuma kwa kidole. Ikikunjamana kama ngozi ya bibi kizee, imeiva. Kisha chupa zilizochemshwa zilijazwa jamu ingali ya moto, vifuniko vikakazwa, na rafu ya sebuleni ikameremeta rangi ya waridi iliyokoza.

Aliyekoroga alikuwa Shoto. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka miwili, aliingia jikoni kidole kimetangulia, akachota, akalamba, akatoka mbio. Mama alimfukuza kwa mwiko huku akicheka mpaka machozi. Shoto hakuwahi kumchekesha mama hivyo. Aliliona jambo hilo akiwa mdogo sana, akalimeza.

Mpira ulikuwa ng'ambo ya uzio, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la mbao. Milingoti ilikuwa mawe mawili, kwa hiyo kila goli liliishia kwenye ugomvi: limepita juu ya jiwe au limepita ndani? Mpira wenyewe aliushona yeye. Mipira ya matambara waliyofunga wavulana ilifumuka kabla ya mapumziko. Shoto akaenda kwa fundi viatu wa mtaani, akaomba vipande vya ngozi, akavishona kwa uzi wa katani juu ya matambara na vipande vya tyubu ya baiskeli alivyovikaza kwa nguvu zake zote. Mpira ule ulidunda. Ulidunda kweli! Watoto wa mtaa wa pili walikuja kuushangaa kama gari jipya. Kwa kuwa mpira ni wake, wavulana hawakuweza kumnyima namba. Na kwa jinsi mguu wake wa kushoto ulivyopiga, baada ya muda hawakutaka kumnyima. Wao ndio waliomwita Shoto.

Siku yenyewe walicheza na hao hao watoto wa mtaa wa pili, ambao walikuwa wamewafunga mara nyingi na kuwazomea njiani. Kaka yake alikuwa nahodha. Mchezo ulikuwa sare, jua limeshaanza kulegea, na pande zote zilikubaliana kwamba atakayefunga sasa ndiye mshindi. Kaka akapiga mpira kutoka pembeni. Aliupiga vibaya, juu mno, mrefu mno, na wote wakauachia. Shoto hakuuachia. Aliukimbilia, ukadunda mara moja, na kabla haujadunda tena akaukata kwa kushoto. Golikipa wao alikuwa mtoto mnene waliyemwita Kiazi. Kiazi hakusogeza hata ukope. Mpira ulipita katikati ya mawe, ukajipigiza kwenye ubao wa ghala, ukarudi ukiviringika mpaka miguuni mwa aliyeupiga.

Kulikuwa na kimya kidogo, kile cha watu wasioamini macho yao. Katika kimya kile ikaja sauti ya mama kutoka kwenye pengo la uzio.

"Wewe! Njoo ukoroge, inashika!"

Akaenda. Mama akiita, unaenda. Hakukuwa na mjadala. Alipokuwa ameshika mwiko tayari ndipo kelele zilipolipuka kule uwanjani. Kupitia dirishani aliwaona wavulana wakipita barabarani wamembeba nahodha wao mabegani, mikono juu, wanaimba, vumbi linatimka. Tone likaruka likamtua kwenye kifundo cha mkono. Hakulia. Alikoroga.

Msimu ule ulipokwisha, mama alimwambia amekua, mpira basi. Kaka hakuambiwa amekua. Mpira wa ngozi ulibaki kwa wavulana mpaka ukachakaa, na ulipochakaa walimpelekea aurudishie mishono.

Yule fundi viatu ndiye aliyemwambia mtengeneza viti mmoja kwamba kuna msichana anashona ngozi kama mashine. Akachukuliwa kujifunza kazi. Mafundi wa huko walimcheka, wakamzoea, na mwishowe wakaanza kumwomba ushauri. Alifungua banda lake. Aliolewa na mtu mpole, akazaa, akazika. Ungemuuliza, angekwambia maisha hayajamnyima kila kitu, na angesema kweli.

Kaka yake naye alisoma, akapanda vyeo, akajenga nyumba yenye veranda pana, akamchukua mama akae naye. Akawa mwenyekiti wa kamati ya shule, wa chama cha wakazi, wa vikao vya harusi na vya misiba, mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mwenyekiti. Jina lilimkaa kama koti la kupimwa. Alipanda mipera pia, akisema hawezi kuishi bila harufu ya utoto wake. Kila msimu aliita ukoo mzima, na kila msimu alimpigia simu dada yake: "Mdogo wangu, njoo tupike jamu kama ya zamani." Aliposema tupike, alikuwa na maana ya Shoto.

Na alisimulia. Mwenyekiti alikuwa na kipaji cha kusimulia, hilo hata Shoto hakulikataa. Alijua pa kushusha sauti na pa kunyanyuka kitini. Hadithi ya lile goli ilikuwa mtaji wake. Mwanzoni, watoto wake wakiwa wadogo, alisema "tulifunga". Shoto alisikia akiwa jikoni, akaona sawa, ni kweli walifunga. Miaka ikapita, ikawa "timu yangu ilifunga". Kisha "nilitoa pasi moja hiyo". Shoto alitikisa kichwa, akajiambia kaka anatia chumvi, ndivyo alivyo. Hakusema neno. Baadaye sana ndipo alipojilaumu kwa kutosema neno, na hata hasira hiyo akaiweka juu ya ile nyingine.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, jikoni kwa wifi yake kulikuwa kumebadilishwa kila kitu: meko ya gesi mapya, vigae vyeupe, mabomba yanayong'aa mpaka unajiona. Sufuria tu lilikuwa lile lile la mama. Shoto alikuwa amefunga kanga kiunoni, jasho linamtiririka, na wifi amekaa kwenye kiti akipanga vifuniko vya chupa.

"Wifi, mkono wako una baraka," wifi alisema, kama alivyosema kila mwaka. "Sisi tukigusa tu, inaharibika."

"Jaribuni siku moja," Shoto alimjibu. "Hamtakufa."

Wifi alicheka akidhani ni utani. Dirisha la jikoni lilifunguka kwenye veranda, na huko Mwenyekiti alikuwa ameketi katikati ya watoto wake, wakwe na wajukuu, mama yao kwenye kiti cha mito pembeni. Sauti yake iliingia jikoni bila kubisha hodi.

"Basi mpira huo, juu! Wote wamesimama kama miti. Mimi nikauona. Nikasema, huu ni wangu. Nikaenda nao, ukadunda mara moja, nikaukata! Kiazi mpaka leo hajui kilichompita ni mpira au ni ndege."

Wakacheka. Binti yake akauliza, "Na shangazi? Shangazi naye alikuwa anacheza?"

"Shangazi yenu? Huyo ni mtu wa jikoni tangu anazaliwa. Mwambie njoo ucheze, anakimbilia sufuria. Jamu ndiyo ilikuwa mpira wake!"

Wakacheka tena, zaidi. Wifi naye, pale kitini, alicheka kwa upole, bila nia mbaya, na labda huko kucheka kwa upole ndiko kulikomaliza kila kitu. Shoto alihisi damu inampanda shingoni. Alitoka na mwiko mkononi, jamu ikidondoka kwenye vigae, akasimama mlangoni pa veranda.

"Kaka, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hapo ulipoukata. Uliukata kwa mguu gani?"

Mwenyekiti akatabasamu, akiwaangalia watu wake kama anayesema, mnaona mambo. "Sasa nani anakumbuka mguu, mdogo wangu? Mguu ulikuwa wangu, inatosha."

"Haukuwa wako."

"Shoto, watoto wapo hapa."

"Ndiyo maana nasema. Waambie nani aliushona ule mpira. Waambie lile goli alifunga nani. Wewe ulipiga juu kama mtu anayefukuza kunguru, mpira ukawa unakwenda zake, na mimi ndiye niliyeukimbilia."

"Lakini walinibeba!" Sauti ya kaka ilipanda, na uso wake ulionyesha mshangao wa kweli, si wa kuigiza. "Nakumbuka kubebwa. Nakumbuka mpaka nani alikuwa ameshika mguu wangu wa kulia. Mtu habebwi bure!"

"Walikubeba wewe kwa kuwa mimi sikuwepo wa kubebwa. Nilikuwa nakoroga jamu, hiyo uliyokuja kuilamba jioni ile ile."

Mkwe mmoja, mke wa mtoto mkubwa, aliinuka akamshika bega. "Shangazi, tulia jamani. Ni hadithi tu za utotoni."

"Za utoto wa nani?" Shoto alimgeukia. "Maana wangu haumo."

Mwenyekiti alikuwa amefungua mdomo tayari kuendesha kikao, kama alivyozoea, pale mama alipoongea. Alikuwa mzee sana sasa, mwembamba, anasinzia mara kwa mara, na watu walizoea kudhani hasikii.

"Alifunga yeye," mama alisema.

Wote wakageuka.

"Nilimwona. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio. Mpira ulikuja juu, akaupiga kwa ule mguu wake, nikaona unaingia. Ndipo nikamwita."

Yalipaswa kuwa maneno ya kumponya. Alikuwa ameshinda, mbele ya watu wote, kwa ushahidi usio na mpinzani. Lakini Shoto hakuwa tena anamtazama kaka yake. Miaka yote aliamini kwamba mama alifika kwenye uzio amechelewa kidogo, akaita bila kujua alichokikatiza. Imani hiyo ndiyo iliyomwezesha kumpenda bila tatizo.

"Uliona?" aliuliza.

"Niliona."

"Ukaniita hivyo hivyo."

"Jamu ilikuwa inashika," mama alisema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kabisa.

Kutoka jikoni ilianza kuja harufu ya sukari inayoungua. Wifi aliruka. Shoto aliweka mwiko juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa, akachukua mkoba wake.

"Hata hii inashika," alisema. "Korogeni." Akaenda zake.

Wiki zilizofuata pale gerejini hazikuwa nzuri kwa mtu yeyote. Shoto alifumua viti ambavyo havikuhitaji kufumuliwa. Alivuta uzi mpaka ukamkata kidole. Spana alikuja na chai, akaweka kikombe kwenye ukingo wa meza ya kukatia kama anayemlisha chui, akarudi nyuma.

"Umegombana na nani?" alijaribu.

"Na mtu aliyeniibia."

"Polisi umekwenda?"

"Spana, rudi kwenye injini yako."

Kilichomtesa zaidi ni kwamba kila alipofumba macho utoto wenyewe ulirudi, na ulirudi mtamu. Harufu ya mapera, vumbi la uwanja, ngozi mpya ya mpira chini ya unyayo. Alitaka kuuchukia, akashindwa. Alikuwa na hasira na watu walioufanya utamu ule uwe mali yao, na yeye awe mpishi wake.

Mwenyekiti alikuja peke yake, amevaa shati la kikao. Alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama katikati ya mifupa ya viti.

"Mdogo wangu," alianza, "nimetafakari sana. Kama nilikukwaza siku ile, naomba unisamehe."

"Toa hiyo kama."

"Nini?"

"Hiyo kama uliyoitanguliza. Itoe, halafu useme tena."

Alikohoa. "Sikiliza. Ni jambo la miaka arobaini. Tulikuwa watoto. Goli dogo la mtaani, mawe mawili, hakuna hata refa. Ya nini kuligombea mpaka mama anakosa usingizi?"

"Kama ni dogo hivyo, nipe."

Spana, upande wa pili wa bati, alikuwa ameacha kugonga.

"Nilikuwa nasimulia kwa mapenzi," Mwenyekiti alisema. "Ni kumbukumbu zetu."

"Ni zako. Wewe ukiikumbuka nyumba ile unakumbuka uwanja. Mimi nakumbuka sufuria, na uwanja nauona dirishani. Na ulikuwa unajua, kaka. Mwanzoni ulikuwa unajua. Ulisema tulifunga. Lile neno ulilibadilisha wewe mwenyewe, kidogo kidogo, na mimi nipo hapo hapo napika."

Hakusema hapana. Aliaga kwa sauti ndogo, akaondoka, na Shoto akaweka mkasi chini.

Mama alikuja siku chache baadaye. Mjukuu mmoja alimshusha kwenye gari, akamwacha kama alivyoagizwa. Spana alitoka mbio kumshika mkono, na kwa kuwa hakukuwa na kiti cha maana, walimkalisha kwenye kiti cha mbele cha lori kilichokuwa kimewekwa sakafuni kikisubiri ngozi mpya. Alikuwa mdogo ndani yake, miguu haigusi chini. Spana aliangalia sura za wale wawili, akakumbuka ana kazi.

"Umekuja kunirudisha jikoni?" Shoto aliuliza. Hakumwamkia kwanza, na hakuwahi kumkosea mama adabu hivyo maishani mwake.

"Sikuja kuomba kitu," mama alisema. "Nimekuja unigombeze. Kule nyumbani uliondoka hujamaliza."

Basi Shoto akamgombeza. Alisema yote, tangu mpira hadi kaka kuchekewa kila alipochovya kidole kwenye jamu. Mama alisikiliza, mikono imelala mapajani.

"Nilikuwa peke yangu," mama alisema, Shoto alipovuta pumzi. "Baba yenu yuko barabarani. Mapera yanaoza. Nilihitaji mikono."

"Kulikuwa na mikono ya kaka."

"Ya kaka yako haikujua kazi."

"Na yangu ilizaliwa inajua?"

Mama alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili swali liondoke. "Hapana. Niliifundisha mimi."

"Ungemfundisha na yeye."

"Ningemfundisha. Ningeweza. Sikuwaza hata siku moja." Akaongeza, na sauti yake ilikuwa kavu: "Pale kwenye uzio, ulipofunga, moyo ulinijaa. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikasikia harufu ya kuungua, na nikaona jinsi ulivyosimama kule katikati ya wavulana, umepanua kifua. Nikasema, huyu nikimwacha leo, sitampata tena. Nikakuita."

Shoto alikaa juu ya turubai lililoviringishwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na yalimtia hasira zaidi, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya mtu huyu.

"Ungeshangilia kwanza, mama," alisema. "Ushangilie, halafu ndiyo uniite. Ningekuja. Ningekoroga mpaka mapera yote yaishe, na nisingelalamika. Ungeshangilia kwanza tu."

"Ningeshangilia," mama alisema. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka mapajani, ukarudi pale pale.

Mzee wa pancha alichungulia, akamwamkia mama kwa nguvu kama watu wasiosikia wanavyoamkia, akajijibu mwenyewe, akaenda. Jioni Shoto alimrudisha mama nyumbani, akamfikisha getini, na hakuingia ndani.

Hakusamehe siku ile, na ingekuwa uongo kusema alisamehe baadaye kwa siku fulani inayojulikana. Alianza tena kumpigia mama simu. Wifi alipompigia msimu uliofuata alimwambia wazi kwamba atakuja, ila mwiko hatagusa.

"Sasa nani atapika?" wifi aliuliza, kwa hofu ya kweli.

"Mko wengi," Shoto alisema.

Alikaa verandani, kwenye kiti kizuri, akaletewa maji na mtu mwingine. Jikoni watoto wa kiume wa Mwenyekiti walikuwa wanagombania ndimu na kupiga mayowe kila tone liliporuka, na mara mbili walikuja kumuuliza kama rojo linapaswa kuwa na rangi ile. Aliwaambia waangalie wenyewe. Jamu yao ilitoka nyepesi kama uji wa mgonjwa, na waliiweka kwenye chupa hivyo hivyo.

Watu walipotulia, mjukuu mmoja wa kike, mwenye magoti ya vumbi, alimvuta babu yake shati. "Babu, tusimulie lile goli."

Mwenyekiti alimtupia dada yake jicho, akalirudisha haraka. "Aa, hiyo imezeeka. Niwasimulie ya yule mbwa aliyekula viatu vya mwalimu?"

Akaanza ya mbwa. Shoto alisikiliza kidogo, mpaka akaelewa. Kaka yake hakuwa amemrudishia goli lake. Alikuwa amelizika. Kama si la kwake, basi halikufungwa. Watoto hawa wangekua bila kulisikia tena, na huo ndio ungekuwa mwisho wake. Damu ile ile ikampanda shingoni.

"Kaka, ngoja na mbwa wako," alisema. "Lile goli nasimulia mimi."

Hakuwa msimuliaji. Alianza katikati, akarudi nyuma kueleza uwanja, akasahau kusema nani ni Kiazi, akaulizwa, akaeleza kwa ukali kana kwamba walipaswa kujua. Watoto wawili wadogo walichoka wakaenda zao. Alieleza mno namna ya kukaza matambara ndani ya ngozi, mishono ipite wapi, uzi uvutwe vipi. Mwenyekiti aliingilia kusema jua lilikuwa halijashuka kiasi hicho, naye akamkata: "Wewe ulikuwa pembeni huko unapiga mipira ya kunguru." Yule mjukuu alicheka kwa sauti, na Mwenyekiti, baada ya kusita, alicheka pia, ingawa si sana.

Akafika kwenye mguu, na mpira kuingia, na kile kimya. Hapo akakwama. Alimtazama mama kwenye kiti chake cha mito. Mama alikuwa macho.

"Sema," mama alisema. "Sema na hiyo."

Shoto akasema na hiyo: uzio, sauti, mwiko, dirisha, mabega ya wavulana yaliyombeba mtu mwingine. Hakuilainisha popote. Alisema kwa hasira, mbele ya wote, na mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuinamisha uso. Mjukuu aliuliza kama mkono uliungua sana siku ile. Shoto akamwambia ndiyo, uliungua sana.